Kifuniko cha Kumi na Mbili

Tulikuwa twende Alaska mwezi wa Juni.
Tiketi za meli bado ziko mlangoni pa friji,
zimebanwa na sumaku yenye umbo la ng'ombe,
na Verlyn, kila akitoa maziwa, huzisoma upya
kama anayetafuta jina lake
kwenye orodha ya waliofaulu.

Miaka thelathini na mmoja alipima malori ya mahindi
pale ghalani, kando ya reli.
Lori laingia limejaa, lapimwa. Latoka tupu, lapimwa.
Tofauti ndiyo riziki ya mtu.
Sasa hana lori. Ana mizani ya jikoni
na mke.
Anapima vitunguu. Anapima barua kabla hajazifungua.
Amempima paka: "Ratili kumi na moja, Ardith.
Juzi zilikuwa kumi na nusu,"
akinikazia macho mimi, mshukiwa wa sardini.

Nami simcheki sana.
Niliendesha basi la shule miaka ishirini na minne,
na mwili haujapata barua ya kustaafu:
saa kumi na moja alfajiri, macho kodo,
mguu wa kulia unatafuta breki chini ya shuka.

Mwezi wa Mei redio ilitaja kiwanda cha nyama,
wagonjwa mia, kesho yake mia tatu.
Mpwa wake Darrold hukata nyama pale.
Siku hiyo Verlyn hakupima kitu.

Julai, Kendra alituletea wajukuu.
Wao upande ule wa nyasi, sisi upande huu,
katikati mpira wa kumwagilia, umelala kama mto.
Yule mdogo alinyoosha mkono apewe keki.
Niliitia kwenye ndoo, nikaisukuma kwa reki,
tukacheka sote,
kisha nikaingia ndani kutafuta kitu
nisichokihitaji.

Nyanya hazikuwa na habari. Ziliiva zote kwa mpigo,
na madukani hapakuwa na vifuniko vya chupa:
Iowa nzima, siku moja, imekumbuka bibi zake.
Verlyn alizunguka miji minne
amevaa barakoa niliyoshona kwa pazia la jikoni,
jogoo mmoja kila shavu,
akarudi na vifuniko kumi na viwili.
Akavipanga mezani kimya kimya
kama mtu aliyeleta mahari.

Tulipika chini, kwenye jiko la zamani la mama yake,
tarehe kumi Agosti, asubuhi.
Saa sita mchana mbingu ikageuka kijani,
rangi ya michubuko inayoanza kupona,
na king'ora cha mji kikalia, kisha kikanyamaza
maana umeme ulikuwa umekwenda.

Tulikaa chini ya ngazi, paka kwenye kikapu cha nguo.
Juu yetu nyumba iligugumia.
Kitu kizito kilianguka. Kingine kikakijibu.
Na gizani, mezani, chupa zikaanza kupoa:
ti.
Kifuniko kimejifunga.
Ti. Ti.
Verlyn alihesabu kwa sauti, mkono wake juu ya goti langu,
mkono unaotetemeka, ambao sikuutaja.
"Tisa," alisema. Paa likalia. "Kumi."
Kumi na moja ilichelewa sana.
"Naogopa tangu Machi," akasema,
kwa sauti ile ile ya kuhesabia.
"Najua," nikasema. "Nyamaza tusikie."

Ya kumi na mbili haikulia kamwe.
Chupa isiyojifunga hailali ghalani,
kwa hiyo tuliila jioni ile ile,
kwa mkate, kwa kijiko kimoja, kwenye ngazi za nje,
huku majirani wakiwasha misumeno, barakoa zikining'inia sikio moja,
na shamba lote la akina Halvorson
likiwa limelala upande mmoja
kama nywele za mtoto siku ya picha ya shule.

Verlyn alilitazama muda mrefu.
"Alaska wanalima mahindi?"
"Sidhani."
"Basi ningefanya nini huko," akasema,
akanipa kijiko.